Kufuli lililoitwa silaha: Jinsi sheria ya Marekani ilivyofukuza usimbaji kwenye programu huria

Kama umewahi kutengeneza apu ya iPhone na kuipeleka App Store, kuna swali moja ambalo huenda ulilijibu haraka haraka ili mambo yasonge. Unaulizwa iwapo apu yako inatumia usimbaji fiche, ile hesabu inayogeuza ujumbe kuwa herufi zisizosomeka hadi mwenye ufunguo azifungue.

Jamaa wa Rongai aliyeunda apu ya kuweka hesabu za chama cha mamake ana haki ya kushangaa. Kwani Apple inataka kujua hayo ya nini?

Jibu ni sheria ya Marekani. Apu inayopelekwa pale hupakiwa kwenye seva iliyo Marekani, na ikitolewa kwa watu walio nje ya nchi hiyo na Canada, inahesabiwa kuwa bidhaa inayosafirishwa kutoka Marekani kwenda ng'ambo. Haijalishi kwamba iliandikwa Rongai, usiku wa manane, kwa bando za kuombaomba.

Leo swali hilo unalimaliza kwa kubofya mara mbili tatu. Lakini ni mabaki ya vita vilivyopiganwa miaka ya tisini, na waliochapwa zaidi katika vita hivyo hawakuwa majasusi wala magaidi. Walikuwa watu waliotengeneza mifumo huria ya kompyuta na kuigawa bure: Debian, FreeBSD, OpenBSD na Linux yenyewe.

Na sehemu ya vita hivyo, amini usiamini, ilipiganiwa hapa Afrika.

Kitabu ruksa, flopi marufuku

Hadi mwishoni mwa 1996, programu ya usimbaji ilikuwa kwenye orodha ya zana za kivita ya Marekani, ukurasa mmoja na vifaru na makombora kama ungeamua kuvipanga hivyo. Kuitoa nje ya nchi bila leseni kulikuwa kosa la jinai. Adhabu ingeweza kufika miaka 10 gerezani na faini ya dola milioni 1.

Woga wa serikali haukuwa wa kijinga kabisa. Katika Vita vya Pili vya Dunia, kuvunjwa kwa siri za Enigma, mashine ya Wajerumani ya kusimba ujumbe, kuliwasaidia sana waliokuwa wakipigana nao. Baada ya hapo shirika la ujasusi la NSA lilizoea kusoma barua za wengine na halikutaka kuizoea hali nyingine. Shida ni kwamba sheria ilitungwa enzi ambapo usimbaji ulikuwa mashine nzito za jeshi. Kufikia 1991 ulikuwa maandishi yanayoingia kwenye flopi moja, flopi yenyewe ikaingia mfukoni mwa shati.

Mwaka huo Phil Zimmermann, mwanaharakati wa kupinga silaha za nyuklia, aliandika PGP, programu ya kusimba baruapepe, akaiachilia bure. Haikuchukua muda ikawa imesambaa duniani. Mnamo 1993 alianza kuchunguzwa kwa tuhuma za kuisafirisha bila leseni. Aliishi na wingu hilo kichwani kwa miaka mitatu, hadi Januari 1996 uchunguzi ulipofutwa bila yeye kufikishwa kortini.

Kioja chenyewe kilikuwa kwenye karatasi. Mwaka wa 1994 mhandisi Phil Karn aliiuliza serikali iwapo kitabu cha Bruce Schneier kiitwacho Applied Cryptography, ambacho nyuma kina msimbo wa usimbaji uliochapishwa ukurasa baada ya ukurasa, kinaweza kuuzwa ng'ambo. Akajibiwa kwamba hakina shida. Kisha akauliza kuhusu flopi yenye msimbo ule ule. Akaambiwa hiyo ni silaha.

Yaani kwa wino ni fasihi, kwa sumaku ni bunduki.

Wenye akili waliuona mwanya huo, wakapenya kama bodaboda kwenye msongamano wa Thika Road. MIT ilichapisha msimbo mzima wa PGP kama kitabu mwaka wa 1995. Mnamo 1997 toleo jipya nalo likachapishwa kwa vitabu, vikasafirishwa hadi Ulaya kihalali kabisa, na huko watu wa kujitolea wakaviskani ukurasa kwa ukurasa, wakasahihisha kila herufi ambayo mashine iliisoma vibaya, hadi programu ikafufuka Norway.

Zimmermann alikuwa mtu mmoja na programu moja. Kwa mfumo mzima wa kompyuta, ambao una maelfu ya vipande na waandishi waliotapakaa kila bara, mambo yalikuwa magumu zaidi.

Mifupa bila nyama

Kampuni kama Netscape, iliyotamba na kivinjari chake miaka hiyo, ilikuwa na wanasheria. Iliweza kutengeneza matoleo mawili, moja la Wamarekani na moja la 'kimataifa', na kumuuliza anayepakua yuko wapi. Mradi wa programu huria hauna wanasheria. Mara nyingi hauna hata ofisi. Una seva, orodha ya baruapepe, na watu ambao hawajawahi kuonana. Msimbo wake uko wazi, yeyote anachukua, anabadilisha, anampa mwenzake. Hapo utamwekea nani mlinzi wa kukagua pasipoti?

Sheria nayo ilisema kwamba kuweka msimbo wa usimbaji kwenye seva ya Marekani, mahali ambapo mgeni anaweza kuufikia, ni sawa na kuusafirisha.

Kulikuwa pia na mtego ambao wengi hawakuuona mapema. Kuingiza usimbaji Marekani kulikuwa ruksa. Kuutoa tena ndiko kulikokatazwa. Programu iliyoandikwa na Mjerumani, Ujerumani, ikishaingia kwenye seva ya Marekani haikuweza kurudi hata kwa huyo Mjerumani bila leseni. Ni kama samaki na dema, kuingia rahisi, kutoka ndiyo kazi.

Tazama yaliyoipata Kerberos. Huu ni mfumo uliotengenezwa MIT wa kuthibitisha kwamba mtu anayeingia kwenye mtandao ni yeye kweli, na hauwezi kufanya kazi bila usimbaji. MIT walitaka kuugawa kwa dunia. Ili kukwepa sheria, waliondoa sehemu zote za usimbaji, wakaondoa hata ile mistari inayoziita sehemu hizo. Kilichobaki wakakiita Bones, mifupa, na kweli kilikuwa mifupa.

Mifupa hiyo ikafika Australia. Huko jamaa anayeitwa Eric Young akaandika upya kila kilichokuwa kimenyofolewa, akairudishia nyama. Toleo lake likaitwa eBones. Lilifanya kazi sawasawa, na kwa kuwa halikuandikwa Marekani, Marekani haikuwa na la kusema. Mkumbuke Young, atarudi.

Kisha kuna FreeBSD, mfumo huria ambao makao yake yalikuwa California. Waliutenganisha mfumo na usimbaji wake. Mwili ulibaki Marekani, na sehemu za siri zikawa na ghala la pili nje ya nchi, kwa ajili ya watu wasio Wamarekani. Unajua ghala hilo lilikuwa wapi? Afrika Kusini. Lilisimamiwa na Mark Murray, na jina la seva lilikuwa internat, kifupi cha 'kimataifa'. Mwanafunzi wa Berlin au London aliyetaka FreeBSD iliyokamilika alielekezwa aende akaichukue Afrika Kusini.

Tumezoea kusoma kwamba teknolojia hutoka Kaskazini ikashuka kwetu. Kwa miaka kadhaa, kwa kipande hiki kimoja muhimu, njia ilikuwa inapanda.

Hata nywila zilibadilika kwa sababu ya sheria hii. Mifumo ya Unix ilikuwa ikificha nywila kwa kutumia mbinu iitwayo DES, ambayo msimbo wake haungeweza kutolewa Marekani. Mnamo 1994 Poul-Henning Kamp wa Denmark aliiandikia FreeBSD mbinu mbadala iliyotumia hesabu ya MD5, ambayo haikuwa imekatazwa. Mbinu hiyo ikaenea hadi kwenye Linux, na ilitumika miaka mingi sana hadi 2012, mwenyewe alipowaambia watu waiache kwa kuwa kompyuta za sasa zinaivunja.

Gereji ya Durbanville

Mwaka wa 1995 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cape Town, Mark Shuttleworth, alianzisha kampuni kwenye gereji ya wazazi wake mtaani Durbanville. Aliita Thawte. Wengi wanaijua kwa vyeti vya kidijitali, vile vinavyoihakikishia simu yako kwamba tovuti ya benki ni ya benki kweli. Lakini wazo lake la kwanza lilikuwa tofauti. Alitaka kutengeneza seva salama ya tovuti yenye usimbaji kamili, isiyofungwa na sheria za Marekani, ili mtu wa Johannesburg au Paris asilazimike kununua kufuli dhaifu kutoka California. Aliichonga kutoka kwa Apache, programu huria, akaiita Sioux.

Desemba 1999 aliiuza Thawte kwa VeriSign ya Marekani kwa takriban dola milioni 575. Alikuwa na umri wa miaka 26. Sehemu ya hela hizo alinunulia tiketi ya kwenda anga za juu mnamo 2002, na sehemu nyingine akaanzisha mradi uliozaa Ubuntu mwaka wa 2004. Ndiyo, ile Ubuntu iliyo kwenye kompyuta za maabara za vyuo vyetu, na kwenye vipakatalishi vya watu waliochoka na Windows za wizi. CD zake zilikuwa zikitumwa bure kokote duniani.

Ni kweli Shuttleworth alikuwa na bidii na kichwa chepesi. Lakini tusipuuze kwamba serikali ya Marekani yenyewe ndiyo iliyomfungia washindani wake nje ya soko. Ukimkataza muuzaji bora asiuze ng'ambo, unamwachia kijana wa ng'ambo kibanda kitupu.

Canada nayo iliokota mradi mzima. Theo de Raadt alianzisha OpenBSD mwaka wa 1995 akiwa Calgary. Sheria ya Canada haikuzuia programu zilizotolewa wazi kwa umma, na kwa hivyo de Raadt aliamua kwamba usimbaji utakuwa ndani ya mfumo tangu mwanzo, hautakuwa kiraka cha kubandika baadaye. Kanuni ilikuwa moja tu: sehemu hizo zisiandikwe na mtu aliye Marekani. Mwaka wa 1999 kundi hilo lilitoa OpenSSH, inayomwezesha mtu kuingia kwenye kompyuta ya mbali bila jirani kumchungulia. Ukitafuta leo seva ambayo haina OpenSSH, utatafuta sana.

John Gilmore alienda mbali zaidi. Ni Mmarekani, na ni mmoja wa waanzilishi wa EFF, shirika linalotetea haki mtandaoni. Alitoa pesa zake kufadhili FreeS/WAN, mradi wa kuiwezesha Linux kusimba mawasiliano yote yanayopita mtandaoni, kisha akawapiga marufuku Wamarekani wenzake kuuandikia msimbo. Hata kiraka cha mstari mmoja kilikataliwa kikitoka kwa raia wa Marekani, ili kesho mwanasheria wa serikali asipate pa kushika.

Kiini cha Linux chenyewe kilibaki bila usimbaji. Linus Torvalds, aliyekianzisha akiwa Finland, alihamia California mwaka wa 1997. Aliyetaka usimbaji alilazimika kutafuta kiraka cha kimataifa kilichowekwa kando, akibandike mwenyewe, aombe Mungu kompyuta iwake.

Debian, mfumo ambao Ubuntu imejengwa juu yake, iligawanywa vipande viwili. Programu nyingi zilikuwa kwenye ghala kuu. Zile za usimbaji ziliwekwa kwenye ghala lingine Uholanzi, lililopewa jina lisilo na aibu: non-US, yaani si ya Marekani. Ukisakinisha Debian, ilibidi uandike anwani mbili, na ukisahau ya pili huna SSH. Diski zilizotengenezwa Marekani hazikuwa na kipande hicho, na seva za Marekani hazikuthubutu kukinakili.

Ghala hilo lilikuwa na mwisho wa kusikitisha. Novemba 2002 moto uliteketeza kituo cha kompyuta cha Chuo Kikuu cha Twente, na seva ya Debian iliyobeba non-US pamoja na masasisho ya usalama ikaungua. Kwa bahati, kufikia wakati huo haikuwa tegemeo tena. Miezi minne kabla ya moto, Debian 3.0 ilikuwa imetolewa ikiwa na usimbaji ndani ya ghala kuu kwa mara ya kwanza.

Kufuli la mtoto

Sisi tuliokuwa nje tulipewa nini? Tulipewa toleo la kimataifa.

Katikati ya miaka ya tisini Netscape ya Wamarekani ilitumia ufunguo wa biti 128. Ya wengine wote, pamoja na saiba za kwanza za Nairobi, ilikatwa hadi biti 40. Ukisikia 128 na 40 unaweza kudhani kwamba yetu ilikuwa na nguvu karibu thuluthi ya yao. Sivyo. Kila biti moja ikiongezwa, kazi ya mwizi inaongezeka maradufu. Funguo za biti 40 zipo kama trilioni 1.1, idadi ambayo kompyuta inaweza kuijaribu yote ikipewa muda. Za biti 128 haziwezi kujaribiwa zote hata ukizikusanya kompyuta zote za dunia.

Agosti 1995 mtafiti Damien Doligez wa Ufaransa alithibitisha hilo. Alichukua kompyuta takriban 120 za kazini kwake, akaziachia ujumbe mmoja uliosimbwa na Netscape ya kimataifa. Siku nane baadaye ujumbe ulikuwa wazi. Januari 1997 Ian Goldberg, mwanafunzi wa Berkeley, alitumia kompyuta 250 za chuo akavunja ufunguo mwingine wa biti 40 kwa saa tatu na nusu. Muda huo hautoshi hata kufika Nakuru na kurudi.

Nyufa zilikuwa zimeanza kuonekana. Kampuni za Marekani zililia kwamba zinapoteza wateja. Na kortini kulikuwa na Daniel Bernstein.

Bernstein alikuwa mwanafunzi wa hisabati Berkeley aliyetaka kuchapisha mbinu yake ya usimbaji iitwayo Snuffle. Akaambiwa kwanza ajisajili kama mfanyabiashara wa silaha. Mwaka wa 1995, akisaidiwa na EFF, aliishtaki serikali. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuieleza: msimbo ni lugha, mtu anauandika ili mwenzake ausome, na katiba ya Marekani inalinda uhuru wa kujieleza. Jaji Marilyn Hall Patel alimkubalia mnamo 1996. Mei 1999 mahakama ya rufaa nayo ikamuunga mkono.

Januari 2000 serikali ililegeza kamba. Msimbo wa usimbaji ulioko wazi kwa umma ungeweza kuwekwa mtandaoni bila leseni, mradi mwenyewe atume baruapepe kuijulisha Wizara ya Biashara, na nakala iende NSA. Silaha ikageuka kuwa barua ya taarifa. Septemba mwaka huo huo hataza ya RSA, iliyokuwa kikwazo kingine ndani ya Marekani, ikaisha muda. Ndipo mifumo huria ikaanza kurudisha usimbaji nyumbani. Kiini cha Linux kiliupokea mwishoni mwa 2002. Debian ilijiwekea utaratibu wa kutuma zile taarifa, na ni mwaka wa 2021 tu ambapo Marekani iliondoa sharti hilo kwa msimbo ulio wazi, ila ule unaotumia mbinu zisizo za kawaida.

Kama hadithi ingeishia hapo, tungesema watu walisumbuliwa miaka kumi, wakavumilia, yakaisha.

Deni lililolipwa 2015

Unakumbuka Eric Young wa Australia? Baada ya eBones, yeye na Tim Hudson waliandika SSLeay, maktaba ya msimbo inayowezesha kile kikufuli unachokiona kando ya anwani ya tovuti. Mwaka wa 1998 wengine waliichukua wakaiendeleza kwa jina OpenSSL. Ikaenea kila mahali kwa sababu ilikuwa bure na ilikuwa kamili.

Lakini ili iweze kuzungumza na vile vivinjari vya kimataifa vyenye kufuli la mtoto, ilibidi ijue pia lugha ya makufuli dhaifu. Sheria ilipobadilika, hakuna aliyekuwa na haraka ya kuiondoa lugha hiyo. Ilikaa humo ndani kama funguo za mpangaji wa zamani ambazo kapera mpya hakujali kuzidai.

Machi 2015 watafiti walizidai. Udhaifu waliougundua uliitwa FREAK. Mtu aliyejipenyeza katikati ya simu yako na tovuti angeweza kuidanganya tovuti itumie ufunguo dhaifu wa miaka ya tisini, wa biti 512, nayo simu yako ikaukubali bila kukuambia. Ufunguo wa namna hiyo ulivunjwa kwa kukodi kompyuta za Amazon kwa takriban dola 100, kazi ya saa chache. Kivinjari cha Android kilikuwa hatarini. Safari ya Apple pia. Zaidi ya robo ya tovuti zilizochunguzwa zilikubali kudanganywa.

Moja ya tovuti zilizokubali ilikuwa ya NSA.

Hapo ndipo mtu anapaswa kusimama kidogo. Kijana aliyekuwa akilipa karo kwa simu ya Android mwaka wa 2015 huenda hakuwa amezaliwa wakati sheria hiyo inatungwa. Haikuwa sheria ya nchi yake. Ilikuwa imeshafutwa. Na bado kufuli lake lilikuwa limelegezwa nayo. Kufuli dhaifu ulilomtengenezea adui halikai kwa adui, maana msimbo haujui mwenyewe ni nani.

Ndiyo maana mimi huwa na wasiwasi ninaposikia serikali yoyote, iwe ya huko au ya hapa, ikiahidi mlango wa nyuma ambao polisi wema pekee watautumia. Februari 2025 Apple iliondoa Uingereza huduma yake kali zaidi ya kusimba data iliyohifadhiwa mtandaoni, baada ya kuripotiwa kwamba serikali ya huko iliitaka iipe njia ya kuingia. Umoja wa Ulaya umekuwa ukivutana tangu 2022 kuhusu pendekezo la kuchunguza jumbe za watu ili kuwanasa wanaowadhulumu watoto. Sababu ni nzito, hakuna anayezicheka. Ila hata mwaka wa 1991 sababu zilikuwa nzito.

Kwa upande wa mifumo huria, mvutano haujaisha, umebadilisha tu sura. Zamani swali lilikuwa msimbo unafanya nini. Sasa swali ni aliyeuandika anatoka wapi. Mwaka wa 2019 GitHub, ambako wengi wetu huweka kazi zetu, ilizifungia huduma kadhaa akaunti za watu wa Iran, Syria na Crimea kwa sababu ya vikwazo vya Marekani. Oktoba 2024 majina ya takriban watu kumi na wawili, wengi wakiwa na anwani za Urusi, yaliondolewa kwenye orodha ya wanaosimamia sehemu za kiini cha Linux, na vikwazo ndivyo vilivyotajwa kuwa sababu. Unaweza kuwa na msimamo wako kuhusu vita vya Ukraine, na mimi nina wangu. Lakini kijana wa Nairobi anayetuma viraka kwa mradi huria ajue kwamba seva anayoitumia iko kwenye ardhi ya mtu.

Ukiwa na Ubuntu kwenye mashine yako, fungua dirisha la amri uandike ssh -V, hiyo V iwe kubwa, kisha ubonyeze kitufe cha kuingiza. Utapata mstari mmoja wenye majina matatu na namba za matoleo. OpenSSH, iliyoandikwa Canada kwa sababu Marekani haikuwezekana. Ubuntu, iliyolipiwa na hela zilizoanzia kwenye gereji ya Durbanville. Na OpenSSL, mjukuu wa kazi ya yule Mwaustralia aliyerudishia mifupa nyama.